Rufani ya Mashine ya Kupura Uwele

Asubuhi ya Jumanne moja, mwezi wa pili mwaka 1963, Marietha wa Ilongero aligonga kihenge cha jirani yake Hana mara tatu kwa kifundo cha kidole cha kati, akatega sikio, akasema uwele uliomo utafika tarehe nne mwezi wa tano, wageni wakiwamo. Hana akashukuru, akaenda kupanga chakula cha watoto. Vihenge vya kijiji kizima Marietha alivipima hivyo kila mwaka, na hakuna aliyewahi kulala njaa kwa kosa lake. Alilijua hilo, na hakuwa mtu wa kujishusha bure.

Aliporudi kwake alimkuta mumewe, Alute, ameketi na wakili Mazengo, aliyeshuka treni Manyoni na kumalizia safari juu ya lori la ng'ombe. Mezani palikuwa na faili la rufani.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka 1958 bega la Marietha lilichoka kupiga masuke kwa fimbo, na Alute, kwa kumwonea huruma, akaunda mashine ya kupura uwele kwa pipa na magurudumu mawili ya baiskeli. Mwenye duka la zana mjini alikuja kuitazama, akala kuku wao, akasifu mno. Julai iliyofuata akajipatia hataza, yaani hati ya serikali inayosema mashine hii ni akili ya fulani, na mwingine asiiuze kwa miaka kumi na sita. Tangu hapo mashine zilitoka dukani zikiwa na jina lake kwa rangi nyekundu. Alute alikwenda mahakamani, akaambiwa hana karatasi.

"Hiyo rufani itachukua muda gani?" Marietha akauliza.

"Miezi sita, mama," wakili akasema. "Ikizidi sana, minane."

Marietha aligonga faili mara tatu, akaliwekea sikio. "Miaka kumi na mitatu na miezi minne."

Mazengo akatoa kalamu, akajumlisha. Hataza ingekwisha Julai 1975. Hukumu ingetoka Juni 1976. Akaiandika tarehe hiyo kwenye shajara yake kama mtu aliyeambiwa saa ya basi.

"Yaani nikishinda, nitashinda kitu kilichokwisha," Alute akasema. "Tuache tu, mama Felista."

"Kama utashinda sijui. Mimi napima muda, sipimi ladha," mkewe akamjibu. "Ila haiachwi. Nataka jina lako lisomwe kwenye karatasi ya serikali, na mimi nipo nasikia."

Rufani ikaenda.

Habari za kipimo zikasambaa, na wenye rufani za hataza wakaanza kuja. Mmoja alitoka Kilimatinde na mtego wake wa ndege waharibifu, mwingine Iramba na mzinga wa nyuki unaofunguka kama kabati. Marietha aligonga makaratasi yao, akawaambia miaka tisa, miaka kumi na mmoja. Kadiri miaka ilivyopita, ikaonekana hakukosea hata siku. Mwaka 1967 mahakama yenyewe ikaandika. Karani wake, Laurenti, alileta gunia la mafaili na barua ya heshima ikimwomba Marietha ayapime, ili majaji wapange likizo zao. Aliyapima yote hadi ugali ukapoa. Kando ya kila tarehe alimwamuru Laurenti aandike: mkitaka, mnaweza kuwahi. Majibu yalisema mahakama imefurahishwa mno na usahihi wake, na tarehe zote zimeingizwa kwenye kalenda kama zilivyo.

Mwaka 1974 kaya zilihamishiwa kijiji cha ujamaa, vihenge vikiwa juu ya trela. Nakala ya faili ilisafiri chini ya godoro, ikanyeshewa. Marietha aliigonga tena, akakuta siku zilizobaki ni zilezile alizokuwa akizihesabu.

Siku ya hukumu, Juni 1976, alivaa kitenge cha Krismasi. Majirani walishafika tangu asubuhi, kwa kuwa tarehe ilijulikana. Laurenti, kichwa kimeanza mvi, alishuka kwenye basi na bahasha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Soma."

"Mahakama imeridhika," Laurenti akasoma, "kwamba mashine hii ilibuniwa na Alute wa Ilongero, wala si mtu mwingine."

Marietha alimrudisha hapo mara tatu. Alilia mbele za watu bila kujifunika uso, kwa sababu alijivunia mume wake kuliko kitu chochote alichowahi kuwa nacho.

"Basi ni yangu?" Alute akauliza.

"Ilikuwa yako, mzee," Laurenti akasema. "Mpaka Julai iliyopita. Hataza imekwisha, hivyo mahakama haina amri ya kutoa."

Alute akaitika kwa kichwa. Wakati huo akaingia Simeoni, mwenyekiti wa kijiji, kusema mashine ya shamba la ujamaa, iliyonunuliwa mjini, imekwama tena na uwele umelala chini. Alute akachukua spana.

Marietha akatangulia mbele yake, kichwa juu. "Pisheni!" akasema. "Mwenye mashine anapita."

Watu wakapisha. Simeoni akavua kofia. Alute alipiga magoti, akakaza mnyororo, akasukuma pedeli kwa mkono. Pipa likaanza kuzunguka, na lile jina jekundu likazunguka nalo.