Aliye Kitini Ndiye Mwenye Runinga

Mtaani walimwita Babu Katuni, na aliyemwita hivyo mbele ya uso wake alikuwa anatafuta ugomvi. Babu gani, jamani, hana hata mjukuu! Ni mwanamume wa makamo, kinyozi, mwenye ndevu zilizochongwa zikachongeka, hata wateja wakikaa kitini huzielekezea kidole: "Nitengenezee kama zako." Kosa lake ni moja tu. Alipenda filamu za Kijapani za michoro. Si zile za kurushiana ngumi na moto. Zile za polepole, mtu anamenya tunda, mvua inanyesha, na wewe uliyekaa unashtukia machozi yanakutoka.

"Katuni ni za watoto," kaka yake mkubwa alikuwa akimwambia kila siku. "Na ndevu zote hizo!"

"Ndevu haziko machoni, kaka."

Saluni, ambamo wote wawili walinyoa, waliachiwa na baba yao, na pamoja nayo waliachiwa sheria. Aliyekaa kitini ndiye anayechagua cha kutazama kwenye runinga ya saluni, ndiye anayechagua anyolewe vipi, na hainuliwi mpaka aridhike. Marehemu aliiweka ili kukata kelele za wateja. Kwa hiyo Babu Katuni aliangalia filamu zake mchana, kiti kikiwa kitupu, maana runinga ya nyumbani iliungua siku umeme uliporudi kwa kishindo.

Jumamosi hiyo kaka mtu aliingia na mabenchi ya kuazima.

"Leo fainali, nimealika mtaa mzima. Na kuanzia leo humu ni mpira tu. Hiyo flashi yako ya katuni naitupa mwenyewe jioni. Tunachekwa, bwana! Ukoo mzima tunachekwa."

Damu ilimchemka Babu Katuni. Alipofiwa na mkewe, kila aliyempa mkono alimwambia jikaze, na kaka yake ndiye aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Akajikaza mpaka akawa gogo. Kisha akakutana na filamu moja, ya bibi kizee anayeosha madirisha ya nyumba itakayobomolewa kesho yake. Basi, hakuna zaidi. Alilia siku ile kama ambavyo hakulia makaburini. Ni filamu ile tu ambayo haikumwambia ajikaze. Kuiacha itupwe ni kukubali kwamba hata msiba wake ulikuwa mambo ya kitoto, na hilo alikataa katakata.

Watu wakajaa. Mwenye bucha alikuwepo, na fundi viatu, ambaye kaka mtu alishapanga naye akae kitini mpira ukianza, ili sheria isivunjwe. Ujanja wa nyani! Fundi viatu alikuwa bado anamalizia chai yake pale Babu Katuni alipokwenda kuketi kitini na kujifunga kitambaa shingoni.

"Kaka, ninyoe."

"Acha mzaha."

"Mimi mteja. Niwekee filamu yangu. Kichwa kwa mkasi, ndevu kwa wembe, na usiniharakishe."

Lo! Zogo lililozuka hapo! "Huyu kachanganyikiwa!" fundi viatu alipiga kelele. Kaka mtu alitamani kumbeba na kiti chake amtupe nje, lakini angesema nini? Miaka yote yeye ndiye aliyewanyamazisha wateja kwa sheria hiyohiyo. Akachomeka flashi huku anasonya.

Nusu ya watu wakatoka wakitukana, wakaenda kutafuta mpira kwingine. Nywele zikaanguka. Filamu ikaonekana ndani ya kioo, maandishi yake kinyumenyume, lakini Babu Katuni hakuyahitaji.

"Na ndevu kweli?" kaka aliuliza, povu mkononi.

"Zote."

Zikaenda. Filamu ilikuwa haijaisha.

"Kamaliza huyo! Atoke!" akapaza sauti fundi viatu.

Babu Katuni akapapasa kidevu chake, kitupu. "Nyusi bado."

Mwenye bucha alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nyusi?" kaka akafoka. "Utakuwa kama yai!"

"Yai langu. Nyoa."

Wembe ukapita, jicho la kwanza likabaki bila nyusi. Kwenye kioo bibi kizee alipulizia dirisha pumzi, akalifuta, akalitazama, akalifuta tena.

"Sasa ya nini?" kaka alinung'unika. "Si wanabomoa kesho?"

"Ndivyo ulivyomwambia mke wangu."

Wembe ukasimama hewani. Wiki yake ya mwisho duniani mwanamke yule alishuka kitandani, akajikongoja kwa kushika ukuta, akafua mapazia. Kaka mtu alimkuta uani, akamwuliza. Ya nini, shemeji? Nenda kalale. Na kaka mtu akacheka. Shemeji aliendelea kukamua.

"Sikujua kumbe unamtazama yeye," kaka alisema polepole.

"Hukuuliza. Uliniambia nijikaze." Machozi yalikuwa yanamdondoka Babu Katuni mbele ya watu wote, juu ya kitambaa, na hakuyafuta. "Basi leo sijikazi. Anayetaka kucheka acheke. Malizia nyusi."

Nyusi ya pili ikaenda. Hapakubaki tena cha kunyoa. Fundi viatu akasimama, akapandisha suruali.

"Haya, zamu yangu! Mpira!"

Kaka mtu akamfungua mdogo wake kitambaa, akakikung'uta nywele. Kisha akakizungusha shingoni mwake mwenyewe na kuketi kitini.

"Zamu yako baadaye," alimwambia fundi viatu. Akamtafuta mdogo wake ndani ya kioo, yule mwenye uso kama yai. "Kichwa kwa mkasi, ndevu kwa wembe. Na usiniharakishe, yule bibi bado ana madirisha."