Kichupa cha Jana

Muuguzi wa chumba cha chanjo alifungua friji, harufu ya maharage yaliyochacha ikamvaa usoni. Bakuli lilikuwa la mkuu wa kliniki, kama kawaida. Kilichomkata maini ni kichupa kilichosimama kando yake: chanjo ya homa ya manjano, lebo ina mwandiko wake mwenyewe, "Alhamisi, saa tatu asubuhi". Leo ilikuwa Ijumaa. Chanjo hiyo ikishachanganywa na maji, baada ya saa sita haifai kitu. Jana alikitupa kwa mkono wake katika pipa la taka, kikiwa na dozi nne. Sasa ilibaki moja, na shingoni mwake doa la damu kavu ya mtu asiyejulikana.

Alifungua rejista. Wasafiri watatu walichomwa asubuhi kabla hajafika. Wa tatu alikuwa mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye baada ya siku kumi na mbili angepanda ndege kwenda kazini katika nchi yenye homa hiyo.

"Mkubwa, umekitoa kwenye pipa?"

"Nikakifuta kwa spiriti," mkuu alisema, akichokonoa meno. "Nifungue chupa ya watu kumi kwa watu watatu? Hawa wanataka muhuri, sista. Sindano ni mbwembwe."

Mdogo wake alikuwa bado kwenye benchi la nje, akiipiga picha kadi yake ya njano.

"Njoo uchomwe upya. Uliyochomwa imekufa."

"Dada, acha masihara. Uwanjani wanakagua mkono au kadi?"

Mkuu akacheka mlangoni. Mdogo mtu naye akacheka, wakatazamana kama waliokula sahani moja.

Kinga huhesabiwa kuanzia siku ya kumi baada ya sindano. Kliniki hufungwa Jumamosi na Jumapili. Jumatatu ingekuwa kuchelewa. Alimpokonya kadi, akaichana vipande vinne.

"Umeniua!"

"Bado. Kunja mkono wa shati."

Alifungua kichupa kipya.

"Dozi tisa zote zipotee kwa sababu ya ndugu yako!" mkuu alifoka.

"Una saa sita, mkubwa. Namba za wale wawili zimo kwenye rejista. Wapigie, uwaambie uliwachoma nini."

Mkuu alifungua friji, akachukua bakuli lake, akaondoka nalo.

Mdogo wake alipokea kadi mpya, akakagua muhuri. Mkono hakuutazama.

Muuguzi alinawa mara mbili, akavuta rejista, akainua simu.