Majina Chini ya Ukucha

Tangu Eustadia Anton achaguliwe katibu wa kijiji, mkutanoni hakukuwa tena na kunyosha mikono. Mikono ya nini, naye hakuona hata wake tangu surua imchukue macho akiwa na miaka minne? Alitaka sauti. Anayekubali ataje jina lake, anayekataa ataje lake, naye anaandika. Walionung'unika walikuwa wale waliozoea kunyosha mkono nusu huku wakichungulia jirani kafanyaje.

Aliandika kwa kibao cha chuma chenye vidirisha safu kwa safu, alichopewa alipomaliza shule ya wasioona Tabora mjini. Karatasi ngumu, aghalabu kalenda kuukuu ya parokia, ilibanwa ndani yake, kisha akaidonoa kwa kijisindano chenye kishikio cha mbao, tk, tk, tk, kama kuku kwenye mtama. Akiigeuza, nukta zilikuwa zimeinuka upande wa pili, na vidole vyake vikasoma. Kibao kilikaa kikapuni pamoja na viazi. Alikwenda nacho hata mnadani Puge.

Mwaka ule wa 1974 ikaja amri kwamba kijiji kihamie barabarani, mbali na visima na majaruba ya mpunga. Wakakutana. Watu arobaini na watatu walitaja majina yao, wakakataa, wa kwanza Mzee Mayala kwa sauti yake ya kukwaruza na wa mwisho katibu mwenyewe. Juu kabisa ya karatasi ya waliokataa Eustadia aliandika: Hatuhami.

Jumatatu iliyofuata akafika ofisa mmoja, Nassibu jina lake, na gari na askari wawili. Watu wakaitwa, wakaketi.

"Ndugu katibu," alisema, "sina ugomvi na kijiji kizima. Nawataka waliokataa tu. Nisomee majina. Wanaondoka nami leo."

Hata mwenyekiti Masolwa, mtu mwenye maneno kuliko redio, aliinama kufunga kamba za viatu. Eustadia aliogopa. Lakini hasira yake ilikuwa kubwa kuliko woga. Watu hawa walitaja majina kwa sababu yeye aliwaomba. Wangenyosha mikono tu, leo ofisa asingekuwa na cha kusomewa.

Akaitandaza karatasi mapajani. Kidole cha mkono wa kulia kikalipata jina la kwanza: Mayala. Nyuma yake ukafuata ukucha wa dole gumba la kushoto, ukakandamiza. Nukta ya karatasi haina ubishi: ukiibonyeza inalala, na ikishalala haisomeki tena.

Mzee Mayala, aliyeketi ubavuni pake, aliuona ule ukucha. Akatazama pembeni.

"Mbona husomi?" ofisa akauliza.

"Natafuta mstari, ndugu. Hivi ni vidole, si gari lako la serikali."

Mtu mmoja akacheka, akajisingizia kikohozi.

"Na huko kusugua?"

"Kalenda ya zamani hii. Ina vumbi."

Silasi. Zamda. Flavia na mumewe. Kila alipogusa jina aliikumbuka sauti ya mwenyewe, kisha akalilaza. Alimchukia yule ofisa kwa kila mstari. Alipofika chini, ukucha ulikuwa ukimuuma, na jina lililobaki lilikuwa lake. Akaondoa mkono.

"Juu imeandikwa hatuhami," alisema kwa sauti ya mkutano mzima. "Chini yake kuna jina moja. Eustadia Anton."

"Moja! Unanichezea? Nimeambiwa ni nusu ya kijiji."

"Basi waliokuambia ndio wakutajie."

Nassibu akamnyang'anya karatasi, akaipapasa, akaikunja. "Mjini wapo wanaosoma nundu hizi kukushinda wewe. Atasoma mmoja mbele yako. Ingia garini."

"Asome, tena kwa sauti. Aanze na lile neno la juu."

Akasimama, akatia kibao kikapuni. Mzee Mayala akamshika mkono kumwongoza hadi mlangoni mwa gari.

"Mwanangu," alinong'ona, "si ungefuta na lako?"

"Hapana, baba. Uamuzi usio na jina wangeuita uvumi."