Viganja Kwenye Kioo

Mkaguzi wa mizani alizoea kuishi njiani, leo mji huu, kesho ule, akipima mawe ya wenye maduka na kununiwa nao. Safari hii lakini kiti kilimwasha. Kila treni ilipoingia kati ya vilima alikitoa mkobani kile kifaa chake cha waifai, kidogo cha kuenea kiganjani, akakitazama kijitaa chake. Kijani. Akakirudisha, na kabla hajafunga zipu akakitoa tena.

Alikuwa na sababu. Mdogo wake, mshona viatu, alizaliwa hasikii, na tangu utotoni wao wawili walikuwa na lugha yao ya mikono waliyoitunga wenyewe, ambayo hata mama yao aliiambulia nusunusu. Asubuhi hiyo mdogo wake alikuwa kwa daktari wa macho, mjini kwao, kupokea majibu, na hapakuwa na mkalimani yeyote aliyeijua lugha ile. Yeye, dada mtu, angetafsiri kwa video. Bosi alikuwa amemnyima ruhusa ya kubaki naye, na mkaguzi akajiambia waifai itatosha. Hilo ndilo lililomchoma: alikubali haraka mno.

Kosa lake lilikuwa heshima. Bibi wa kiti cha jirani aliomba kumwona mjukuu wake kwenye simu, akapewa neno la siri. Bibi, mtu wa watu, akamgawia wa nyuma yake, na huyo naye hakuwa mchoyo. Daktari alipopiga, behewa zima lilikuwa linakula bando. Picha ya mdogo wake ikaganda, mkono mmoja hewani.

Mkaguzi alisimama kwa hasira na aibu.

“Jamani, naombeni mtoke kwenye waifai yangu. Mdogo wangu yuko kwa daktari na hasikii. Mimi ndiye masikio yake.”

Bibi alikuwa wa kwanza kuzima, kisha akageuka na kuwakazia macho wengine. Mwanamume mmoja alinung'unika kuwa mpira umebaki kidogo tu kwisha. Bibi alimtazama tu, naye akazima.

Picha ikarudi safi. Daktari akaeleza taratibu, na mkaguzi akajuta kuupata huo mtandao. Macho yote mawili yalikuwa yanazimika, dawa hakuna, na mwaka usingeisha kabla giza halijaingia. Mikono yake ikawa mizito. Amwambieje asiyesikia kwamba hataona, tena kwa mikono ambayo kesho hataiona? Alimwambia yote, hakupunguza, maana lugha yao haikuwahi kuwa na maneno ya kuremba.

Mdogo wake akauliza kwa mikono, “Tutaongeaje?”

Dada akafunua kiganja chake cha kushoto, akachora juu yake kwa kidole ile ishara yao iliyokuwa jina lake. Hivi, alimwonyesha, ndani ya kiganja chako. Mdogo akaelewa. Akanyoosha kiganja chake mpaka kikalala kwenye kioo cha simu, akafumba macho, akangoja.

Mkaguzi aliendelea kuchora huku machozi yakimtiririka mbele ya watu wote. Treni ilipopunguza mwendo kwenye stesheni isiyo yake, alishuka na mkoba wake, akamwuliza mtu wa kwanza aliyemwona treni ya kurudi inasimama upande gani.