Uzi Mwekundu kwenye Ua wa Ngolo

Julai ya mwaka 1996 Mpanda ilipigwa na baridi kali. Asubuhi moshi wa kuni ulitanda chini chini, na watoto walikwenda shule wamejifunga kanga za mama zao shingoni. Wiki hiyo nesi Lucia alipanda treni kwenda Tabora kumuuguza dada yake, akamwachia Marsela nyumba na mbwa.

Marsela alikuwa mjane wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa kijiji cha Mamba, na kazi hiyo alishaizoea. Waliosafiri walimwachia kuku, bata, paka, hata sungura wa mwalimu mkuu, kwa sababu wanyama walitulia mikononi mwake. Lakini yeye mwenyewe alijivunia zaidi jambo jingine. Ndiye aliyegundua kwamba mayai ya parokia yalikuwa yakiliwa na kenge, wakati kila mtu akimshuku mpishi. Tangu hapo, kitu kikipotea mtaani, watu walimwita.

Lucia, akiwa anafunga begi, alimwambia kwamba mbwa wake, Popi, ana mimba na siku zake zimekaribia. Alimwomba amtandikie magunia stoo, maana baridi ile ingeua watoto. Marsela akaitikia.

Siku ya pili sweta jekundu la mtoto wa jirani, Immaculata, likatoweka kwenye kamba ya nguo. Kesho yake, nyumba ya pili, kikatoweka kipande cha blanketi. Immaculata alikuja akilalamika kwamba mwanawe anakohoa na hana nguo nyingine ya joto. Marsela akaacha shughuli zake zote. Alipita uani kwa watu, akakagua kamba, akauliza nani alipita na saa ngapi. Alimwekea Popi ugali na dagaa asubuhi na jioni. Alimwona anakula haraka haraka na kuondoka, lakini hakumfuata. Magunia yalibaki yamekunjwa nyuma ya mlango wa stoo.

Siku ya nne akaona uzi mwekundu umenasa kwenye ua wa miiba wa Ngolo.

Ngolo na mumewe Machibya walikuwa Wasukuma waliofika na ng'ombe mwaka uliotangulia. Machibya alikuwa malishoni upande wa Inyonga, na Ngolo alibaki peke yake na mtoto mchanga. Hakuwa na ndugu mtaani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusitasita. Marsela akaunganisha mambo yake: mgeni, mtoto mchanga, baridi, uzi. Hakumuuliza Ngolo mwenyewe neno. Alikwenda bombani wanawake wakiwa kwenye foleni ya ndoo, akafungua kiganja, akawaonyesha ule uzi.

"Nimeutoa kwenye ua wa Ngolo," alisema.

Foleni nzima ikanyamaza kumsikiliza, naye alifurahi. Furaha hiyo ndiyo iliyomtesa zaidi baadaye.

Saa nne Sylvanus, balozi wa nyumba kumi, alikwenda kupekua kwa Ngolo, na watu wakajaa. Walitoa nje godoro, vibuyu vya maziwa na sanduku la nguo. Nepi za mtoto zikamwagwa kwenye vumbi. Sweta halikuonekana. Ngolo alisimama na mtoto mgongoni, hakulia wala hakujitetea. Aliuliza mara moja tu ni nani aliyesema. Marsela, aliyekuwa amesimama mbele kabisa, aliangalia viatu vyake. Watu walitawanyika wakisema bila shaka amelificha.

Jioni hiyo Popi hakuja kula. Marsela alimwita, akamtafuta stoo, kisha akasikia sauti ndogo nyuma ya rundo la matofali ambayo Lucia alikuwa amenunua ili aongeze chumba. Alipoinama akamwona Popi amejikunja juu ya sweta jekundu na kipande cha blanketi, watoto watano wakinyonya. Wa sita alikuwa pembeni, nje ya nguo, amekauka kwa baridi. Kutoka hapo nyayo za mbwa zilielekea moja kwa moja kwenye upenyo wa ua wa Ngolo. Nyayo hizo alikuwa ameziona tangu siku ya kwanza ya msako wake, akazikanyaga akitafuta nyayo za mtu.

Alimzika yule mdogo. Akamtandikia Popi magunia, akalichukua sweta, akalifua, na haikumwia vigumu kuwaza kulitundika kwa Immaculata kimya kimya. Siku mbili lilikaa chini ya kitanda chake. Akaacha kwenda bombani, akawa anateka maji kisimani, mbali. Aliwaza kwenda kuungama kwa padri, akaona hiyo ni njia ya kusema bila Ngolo kusikia.

Siku ya tatu akalibeba hadi kwa Ngolo, akamweleza yote, tangu magunia hadi nyayo. Ngolo alisikiliza huku akimnyonyesha mtoto. Hakumkaribisha kiti.

"Kuniambia mimi hakusaidii, mama," alisema mwishowe. "Mimi nilikuwa najua sikuiba. Ulisemea bombani. Kasemee bombani."

Marsela akaenda. Foleni ilikuwa ndefu kuliko siku ile. Alisimama pale pale, sweta mkononi, akasema mwizi alikuwa mbwa aliyeachiwa yeye, na kwamba mbwa aliiba kwa sababu yeye hakumtandikia. Mmoja akacheka, kisha akaacha. Immaculata alipokea sweta bila kumtazama. "Hata mimi nilizimwaga zile nepi," alisema, akainua ndoo yake akaondoka. Sylvanus alipopelekewa habari alisema mambo hayo hutokea, na kwa Ngolo hakwenda.

Lucia aliporudi alihesabu watoto watano, akafurahi. Marsela akamwambia walikuwa sita.

Miezi ikapita. Kila asubuhi Marsela alipopita kwenye ule ua alisalimia, na kila asubuhi Ngolo aliendelea kufagia. Marsela hakumlaumu, wala hakubadili njia, ingawa uso ulimwaka kila alipokaribia. Mvua za kwanza zilipoanza, Machibya alikwisharudi na ng'ombe. Asubuhi moja Marsela alipita amejifunika kichwa, akasalimia kama kawaida, akaendelea kutembea bila kusubiri.

"Mwangaluka, mama," Ngolo alisema nyuma yake, akimwamkia kwa Kisukuma.

Marsela hakulijua jibu lake. Alisimama kwenye matope, akalirudia neno lile lile, na Ngolo akaendelea kufagia.