Mashini Yenye Blandine Alifundisha

Blandine alifukuzwa kazi ndani ya WhatsApp, mukono wake ungali ndani ya sahani ya bukari. Telefone ikalia, barua ndefu ya Kifaransa ikaingia mu groupe ya kazi: aksanti kwa juhudi zenu, kampuni inafungua ukurasa mupya, kwa heri. Alisoma mara mbili. Mbele amalize mara ya tatu, Aristide akamutoa mu groupe.

Chenye kilimuuma zaidi ni kile Kifaransa. Aristide, mukubwa wa kampuni, anaandika Kifaransa kama muntu anakimbia mvua, makosa kila mustari. Ile barua haikuwa na kosa hata moja. Kumbe hata kumufukuza, hakumufukuza yeye mwenyewe. Alituma mashini.

Na ile mashini ingine ya kampuni, ya kuchagua samaki, nani aliifundisha? Njo Blandine mwenyewe. Miaka mbili anazunguka pembeni ya ziwa, kutoka Lukuga mpaka Mpala kwa mutumbwi, anapiga picha ndagala, wale samaki wadogo wa kuanika. Kila picha anaiandikia: hii ya kwanza, hii ya pili, hii ya kutupa. Walikuwa vijana watano kwa hiyo kazi, lakini wane wote walikuwa wanauliza yeye, juu Blandine akiangalia ndagala, anajua ilianikwa lini na mvua iliipitia mara ngapi. Mashini ikakula macho yake yote. Sasa unaelekeza telefone ku lundo ya ndagala, inakuambia daraja. Na wale watano, nyumbani.

Pengine angenyamaza. Lakini siku ya posho, njo Jumamosi, akiwa anafua, akasikia Aristide mu radio.

"Mashini tuliifundisha mimi na mainjenia wa inje," Aristide alikuwa anasema. "Hapa tulikamata tu vijana wa kufinya-finya bouton."

Blandine akaacha nguo ndani ya maji. Aristide akaendelea: siku ya kazi tano, Ijumaa yenye inakuja, Papa Mwamba, ule mununuzi wa Kabalo mwenye kujaza wagon nzima ya treni, atakuja pa kuanika pa Lukuga kuona mashini ikichagua ndagala mbele ya watu. Papa Mwamba akikubali, wanunuzi wote watafuata.

Blandine akapanguza mikono. Alijua fasi moja yenye ile mashini iko kipofu, na hakuna mwengine aliijali.

Ni hivi. Wamama wenye kuanika vizuri, karibu wote wanaanikia juu ya bâche ya bulu, lile turubai ya plastike. Wenye haraka wanamwanga tu ku muchanga. Kwa hiyo picha zote za ndagala nzuri zilikuwa na bulu chini, na zote za mbaya zilikuwa na muchanga. Blandine alisha kumuambia Aristide: chef, tuchanganye, mbaya tuweke ku bâche, nzuri ku muchanga, juu mashini isijifunze rangi ya chini pahali pa kujifunza samaki. Aristide alijibu kwamba hafundishwi informatique na muntu wa ndagala.

Magaribi Blandine akaenda kwa Mama Evodie, mwenye kuanika palepale Lukuga.

"Mama, ile ndagala yako ilinyeshewa, ulisha kuitupa?"

"Ile? Kuku wa jirani alionja mara moja, mupaka leo ananizunguka kwa mbali."

"Usitupe. Uianike ku bâche ya bulu."

"Mutoto wangu, unataka niue nani?"

"Hakuna mwenye ataikula. Nataka tu mashini iione. Na ile nzuri, yenyewe umwange ku muchanga safi."

Mama Evodie akamuangalia. "Ni juu ya Aristide?"

"Ni juu ya Aristide."

"Mwezi ulipita ile mashini yake iliniweka ya kutupa," Mama Evodie akasema. "Mimi, na miaka makumi mbili ya kuanika. Juu tu bâche yangu ilipasuka, nikamwanga ku muchanga. Sasa niko na ingine. Leta mikono, tuanike."

Aristide alisahau kutoa mashini mu telefone ya Blandine. Blandine akajaribu. Ile mbaya, ku muchanga: ya kutupa. Ile ile, ku bâche: daraja ya kwanza. Blandine hakucheka. Akaingiza telefone ndani ya kikwembe chenye alijifunga, akaenda kulala vizuri.

Siku ikafika. Viti vya plastike, baffle, Aristide na veste mupya ndani ya lile joto. Papa Mwamba akafika na kofia yake, muntu wa maneno kidogo. Wanunuzi wa Kabalo wako na desturi: hawaongei mambo ya bei mbele ya kutafuna kichwa cha ndagala.

"Papa, hakuna lazima ya kutafuna tena," Aristide akamuambia. "Ile ni mambo ya zamani."

Akaelekeza telefone ku bâche ya Mama Evodie. Sauti ikatoka mu baffle: daraja ya kwanza. Watu wakapiga makofi.

"Vizuri," Papa Mwamba akasema. "Lakini meno yangu yametoka Kabalo mupaka hapa, siwezi kuyarudisha bure."

Akakamata moja, akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatoa muswara mu mufuko, akatema ndani, akaukunja polepole.

"Aristide. Hii samaki ilianza kuoza mbele ya kufa."

Watu wakaanguka na kicheko. Aristide akapiga picha tena: daraja ya kwanza. Akapanguza kamera na veste: daraja ya kwanza.

"Nani alifundisha hii kitu?" Papa Mwamba akauliza.

Aristide akatupa macho mu watu, akaona Blandine. "Ule pale. Blandine. Yeye njo alifundisha yote, picha yote, kila kitu. Mumuulize yeye."

Blandine akatoka mbele. "Ni kweli, Papa. Njo mimi. Munasikia wote?"

Walisikia wote.

"Basi weye, hii ni daraja gani?"

"Ya kutupa. Ilikula mvua siku mbili. Ile pale ku muchanga, njo ya kwanza."

Papa Mwamba akaenda ku muchanga, akatafuna, akameza. Akamuita Mama Evodie, wakaanza kuongea bei.

Aristide akavuta Blandine pembeni, jasho linamushuka. "Unajua ni fasi gani imeharibika?"

"Najua."

"Kutengeneza inaomba siku ngapi?"

"Juma moja."

"Sema basi, Blandine. Rudi kesho. Nakuweka chef wa data."

"Sisemi."

"Tafazali, dada."

"Uliza mainjenia wako wa inje."

Papa Mwamba alikuwa anamungojea ku lundo lingine. Blandine akainama, akaanza kumuchagulia, lundo kwa lundo, polepole kwa makusudi, juu Aristide apate wakati wa kuona.