Vidole Vitatu vya Mpira Mpya

Neville Ogden alikuwa muuza nyama, na kwa upande wa nyama sina la kumsema. Soseji zake watu walizifuata kutoka bonde la pili. Tatizo lake lilikuwa Jumapili. Ikifika Jumapili alivua aproni, akajibana kwenye suti nyekundu ya ngozi, suti iliyokuwa imeshagombana na tumbo lake miaka mingi, akapanda pikipiki mpaka darajani kwenye gari la chai la Brenda. Na akishashuka tu, basi, muuza nyama kwisha, tunaye profesa wa matairi.

Pale darajani wana desturi yao. Mtu akifika, kabla hawajamwamkia, wanaizunguka pikipiki yake waliangalie tairi la nyuma. Anayejua kuilaza pikipiki kwenye kona, mpira wa tairi lake unasagika mpaka ukingoni kabisa. Anayeogopa, pembeni kunabaki ukanda wa mpira mpya, unang'aa kama siku ulipotoka kiwandani. Huo wanauita ukingo wa woga. Huwezi kuufunika wala kuutolea kisingizio. Wewe unaegesha, wenzako wanakusoma huku wanakunywa chai.

Tairi la Neville lilisagika mpaka mwisho, kushoto na kulia, na watu walimheshimu kwa hilo. Lilisagwa na nini? Na msasa. Ndiyo, msasa huu huu wa mbao. Miaka sita nyuma aliteleza mbele ya kituo cha mafuta, watu wakimwona, na tangu siku hiyo kila kona aliipita amekaa wima kama mtu aliyepakata trei ya mayai. Woga wenyewe si aibu, jamani, nani asiyeogopa lami iliyolowa? Aibu ni mtu mzima wa miaka hamsini na minne kupiga magoti gerejini kwake kila Jumamosi mchana, mlango ameukomea, anasugua tairi kwa msasa ili kesho akawadanganye wenzake.

Na matairi yenyewe yalikuwa ya mvua, yenye mifereji mirefu, maana alikuwa anaogopa kuteleza tena. Wenzake walipomuuliza, alijibu bila haya: "Mimi hata kwa matairi ya mvua nalaza. Ni mazoea tu."

Sasa mwezi Mei akaja Wilf Haygarth. Fundi seremala mstaafu, miaka sitini na minane, mpole, mikono mikubwa, maneno machache. Mkewe Doreen ndiye aliyemfukuza nyumbani, akamwambia, wewe tangu umeacha kazi unanizunguka jikoni kama paka, nenda katafute watu wa kukaa nao. Akatoa pikipiki yake ya kijani iliyokaa miaka mingi chini ya turubai, akaitengeneza, akaja darajani. Aliegesha kwa adabu, akavua kofia ngumu, akasema habari za asubuhi.

Hakuna aliyejibu. Neville alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya pikipiki ya mgeni, anapima tairi kwa vidole.

"Vidole vitatu!" akapiga kelele. "Brenda, njoo uone! Vidole vitatu vya mpira mpya, kila upande!"

"Ana haraka gani? Mwache," Brenda akasema, lakini alikuwa ameshaanza kucheka.

"Mzee, lirudishe dukani hili, watakupa hela yako. Halijatumika!"

Watu wakacheka mpaka chai ikawamwagikia. Wilf naye alicheka, kicheko kile cha mtu asiyejua mikono yake aiweke wapi. Kisha akafanya kitu kidogo ambacho Neville hakukitia maanani: akaenda polepole mpaka kwenye pikipiki ya Neville, akainama, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa tairi, mara moja, taratibu. Akainuka, akaenda kuagiza chai.

Jumapili zilizofuata ikawa ndiyo salamu yake. Wilf akitokea tu: "Vidole vitatu huyo!" Mwezi Juni Wilf akamwita Neville pembeni, akamwuliza kwa sauti ya chini kama angeweza kumsindikiza akanunue matairi mengine.

Unafikiri Neville alishtuka? Wapi! Alivimba kichwa.

Duka la matairi lilikuwa la Shazia Mahmood, mama wa makamo, mikono myeusi kwa mpira, ambaye hana muda wa kubembeleza mteja.

"Mnaendesha wapi, wazee wangu?" akauliza. "Hispania kwenye jua kali, au hapa hapa?"

"Hapa hapa," Wilf akasema.

"Basi chukua haya." Akapiga teke dogo tairi lenye mifereji. "Mvua, baridi, majani, matope ya matrekta, yote linayajua. Hayo laini unayoyaangalia yanataka joto ndipo yashike. Kwa hali ya hewa yetu hii, mpaka yapate joto umeshafika nyumbani na kuvua viatu."

"Dada Shazia, unamuuzia mtu matairi ya kwendea kanisani," Neville akadakia. "Huyu anataka kujifunza kulaza."

"Na wewe je? Wewe si nimekuuzia haya haya mwezi wa pili?"

Neville aliona masikio yake yakipata moto. "Mimi nimezoea," akasema. "Asiyezoea ndiye anayehitaji yanayoshika zaidi."

Shazia alimtazama kwa muda, kisha akamtazama Wilf. Wilf alikuwa ameshika tairi laini, analigeuza mikononi kama ubao anaotafuta kasoro yake.

"Nipe haya," akasema.

"Sawa. Ila nimesema."

"Nimekusikia, binti."

Kiangazi kile mvua ilikuwa ya kawaida yetu, yaani haikukosa wiki. Wilf aliendesha. Neville alimwona akijitahidi kulaza, mabega yamekakamaa, na Jumapili moja mwezi Agosti wakapima wakakuta vidole viwili. Wakampigia makofi. Neville ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Jumanne moja ya Septemba, asubuhi, bucha imejaa, Doreen akaingia. Alisimama kwenye foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika akaomba nusu kilo ya nyama ya kusaga, halafu akasema, kwa sauti ile ile:

"Shemeji, Wilf ameanguka."

Kisu cha Neville kikasimama.

"Jana, kule juu kwenye barabara ya mlimani, karibu na geti la shamba. Manyunyu tu, wala si mvua ya maana. Mguu umevunjika sehemu mbili. Amelala kwenye maji dakika ishirini mpaka mama wa posta akamkuta." Akavuta pumzi. "Anasema halaumu mtu. Anasema alitaka awe kama ninyi."

Neville alipima nyama, akaifunga, akaongeza soseji sita bila kuulizwa. Doreen akamshukuru sana, akamwambia una moyo mzuri, shemeji. Alipotoka, Neville alijiona mshenzi kuliko washenzi wote waliowahi kufunga aproni.

Je, alikwenda kumwona? Hakwenda. Wiki ya kwanza alisema wauguzi wasisumbuliwe. Ya pili alisema mgonjwa apumzike. Ya tatu hakuwa na la kusema, akawa anapita barabara ya nyuma asikutane na Doreen.

Jumapili ya nne, kwenye ubao wa matangazo wa gari la Brenda, akakuta karatasi imeandikwa kwa penseli, kwa herufi nzuri za seremala. Pikipiki ya kijani inauzwa. Mnunuzi wa kwanza anakuja Jumamosi saa nne asubuhi. Mwingine awahi kabla. Na chini yake: Sababu ya kuuza, mwenyewe hajui kuendesha.

"Vidole Vitatu amenawa mikono!" mtu mmoja akasema, na watu wakacheka.

Neville hakucheka. Alijua sasa kwamba akinyamaza mpaka Jumamosi, mzee wa watu atauza kitu pekee kilichokuwa kinamtoa nyumbani, na ataishi miaka iliyobaki akiamini ni mwoga na hafai, kwa sababu ya uongo uliosuguliwa gerejini. Na dawa yake alikuwa nayo yeye Neville, maneno matatu tu: nilitumia msasa mimi. Wiki nzima aliyafanyia mazoezi huku akikata nyama. Kila yalipokaribia mdomo, alitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi alifunga bucha saa tatu, siku ya Jumamosi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya hata alipofiwa na mama yake. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Aliegesha pikipiki yake mlangoni kwa Wilf, akamkuta gerejini, amekaa kwenye kiti, magongo pembeni, anaifuta ya kijani kwa kitambaa ili mnunuzi aikute safi.

"Karibu, Neville. Doreen anasema soseji zilikuwa nzuri."

"Usiuze, mzee."

"Mnunuzi yuko njiani."

"Usiuze, nakuomba. Nisikilize kwanza." Akavua kofia ngumu. "Wewe si mwoga. Mwoga mimi. Tairi langu lile ... silazi, Wilf. Silazi hata kidogo. Nalisugua kwa msasa. Kila Jumamosi. Miaka sita nawadanganya, halafu nikakucheka wewe, nikakupeleka dukani nikakutia kwenye matairi ya wendawazimu, na mimi mwenyewe nikiwa nimefunga ya mvua."

Wilf aliendelea kufuta, kitambaa kikienda na kurudi kwenye tangi.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Msasa. Nilijua siku ile ya kwanza. Neville, mimi nimepiga msasa miaka arobaini na tano. Barabara inauviringisha mpira vijipunje vijipunje. Wewe mikwaruzo yako ilikuwa imenyooka, na hata hukubadilisha msasa, ulimaliza na ule ule mkali wa kukwangulia."

Neville alihesabu tangu Mei. Miezi mitano! Miezi mitano alimpima mtu huyu kwa vidole mbele ya watu, na mtu huyu alikuwa na neno moja tu la kusema ili amvue nguo darajani, na hakulisema.

"Kwa nini hukuniumbua?"

"Niliona ungeaibika."

"Sasa kama ulijua, ulinunua yale matairi ya nini?"

Wilf aliweka kitambaa gotini. "Nilijiambia, kama Neville, bingwa wao, anaona haya mpaka anakwenda kulisugua tairi kwa msasa, basi hii kitu kweli ni aibu kubwa. Na mimi sikutaka kusugua. Nilitaka liwe la kweli." Akaendelea akiwa ameitazama sakafu. "Nikwambie nilichokuwa sijamwambia hata Doreen. Pale nilipoanguka, mguu umebanwa chini, maji yananipita mgongoni, sikumfikiria mke wangu. Niliinua kichwa kuangalia tairi la nyuma. Kuona kama limefika ukingoni."

Neville aliliangalia tairi la nyuma la ile ya kijani.

"Lilikuwa limefika. Na nilifurahi, Neville. Nimelala pale, mfupa umetokeza, nafurahi nitawaonyesha Jumapili." Akayashika magongo. "Ndiyo maana nauza. Si kwamba nimekosa ujasiri. Nimejiogopa."

Gari likasimama nje. Akashuka mama wa miaka hamsini hivi, Hilary Tunstall, mkunga wa wilaya. Alisema amechoka gari lake kukwama nyuma ya matrekta anapokimbilia akina mama wanaojifungua, anataka pikipiki ya kila siku, jua na mvua. Aliizunguka ya kijani, akaipenda waziwazi. Kisha akapiga tairi kwa ncha ya kiatu.

"Haya yananifaa? Mimi nitapita kule juu hata Januari."

"Muulize bwana huyu," Wilf akasema, bila ubaya wowote. "Ndiye aliyeyachagua."

Mama akamgeukia Neville. Hapakuwa na pa kukimbilia.

"Usitoke nayo hapa ikiwa hivi," Neville akasema. "Haya yanataka joto, na sisi hatuna. Nitaipeleka mimi kwa Shazia kwenye gari langu la nyama, akuwekee yenye mifereji. Mbele na nyuma. Na pembeni pakibaki papya, paache pabaki."

"Wewe unatumia yapi?"

"Yenye mifereji. Yale pale nje."

Hilary alikwenda kuyaangalia, mtu makini, hanunui kwa maneno. Alichuchumaa kwenye manyunyu, akapitisha kidole gumba ukingoni, mahali pale pale Wilf alipopitisha mwezi Mei.

"Mbona pembeni yamekwaruzwa?" akauliza. "Ni ugonjwa wa tairi?"

Neville alimtazama Wilf. Wilf alikuwa anatazama mvua, na ilikuwa wazi kwamba hata sasa angenyamaza, angemsitiri.

"Hapana," Neville akasema. "Nimeyapiga msasa mimi mwenyewe."

Alisubiri acheke. Mama wa watu hakucheka. Alikuwa bado amechuchumaa, kidole kipo kwenye mpira, anamtazama kama mtu anayetaka kuelewa kweli.

"Kwa nini?" akauliza.

Neville alifungua mdomo. Alitafuta jibu, la kweli au la uongo, lolote ambalo mtu mzima angeweza kumwambia mtu mzima mwenzake mchana kweupe, na hakulipata. Alibaki amesimama mlangoni, mvua inamlowesha, mpaka Wilf alipomwambia aingie ndani, Doreen ameweka chai.